Maneno ya Wapita Njia

Jumatatu, 3 Machi

Bi Mkubwa kaondolewa. Tumepata habari kwa barua pepe, kabla hata hatujakaa vitini. Yeye ndiye aliyeianzisha kampuni, ndiye aliyeibuni gemu yetu, na ndiye aliyenifundisha kwamba mpita njia ndani ya gemu naye ni mtu. Wenye hisa wamemshukuru kwa aya mbili.

Saa nne akaingia Mkurugenzi mpya. Ametoka kwenye kampuni ya magodoro. Akatueleza kwamba hajawahi kucheza gemu hata siku moja, lakini mteja ni mteja. Anayelala na anayecheza, wote hawapendi kuamshwa. Tukacheka. Kumbe hakuwa anatania.

Alafu likaja lenyewe. Maneno ya wapita njia, yaani kazi yangu, sasa yataandikwa na akili mnemba. Imeshanunuliwa. Anatafutwa mtu wa kuisimamia. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Wa Fundi Sauti nao ulipanda, ila alikuwa anatafuna, akachelewa.

Mpango ni huu. Niwe msimamizi. Kutoka hapo niwe naibu wa Mkurugenzi. Nikishakuwa naibu, nimrudishe Mchoraji.

Mchoraji aliondoka mwezi uliopita, alipoona mambo yanaelekea wapi. Sasa anachora vitabu vya watoto katika mji mwingine. Miaka yote tulikaa pamoja dirishani. Yeye anachora uso wa mpita njia, mimi natia maneno mdomoni. Siku ya kuondoka alisema "Tutaonana," basi. Tangu hapo nalichambua neno hilo kama mtu anayechambua mchele, na bado sijaona kama lina kitu ndani.

Kwenye kiti chake wameweka printa.

Jumanne, 4 Machi

Kazi nimepata. Mkurugenzi aliuliza uzoefu. Nikamjibu kwamba mimi na akili mnemba tumetoka mbali. Si uongo. Niliwahi kuiuliza namna ya kutoa doa la wino kwenye shati. Doa lipo mpaka leo. Fundi Sauti alikiri kwamba hajui kitu ila yuko tayari kujifunza. Mkweli hana bahati ofisini.

Mashine imeshapata jina. Tunaiita Mnemba. Fundi Sauti ameanza kuniita Baba Mnemba, na wengine wamedakia.

Jioni nikamweleza dada yangu. Naishi kwake, chumba cha nyuma. Alikuwa anakata vitunguu. Akauliza kama ni kweli nimekubali kuwa yaya wa mashine itakayoninyang'anya kazi. Nikamwambia haelewi siasa za ofisi. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Dada yangu hana jambo asilokuwa na methali yake. Ni duka la rejareja.

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio la kwanza. Gemu yetu ni ya msichana anayemtafuta kaka yake katika mji mkubwa. Kila anayekutana naye anamwambia neno moja au mawili, kisha huyo anapita. Nikamwamuru Mnemba aandike maneno ya kinyozi. Kinyozi akasema: "Karibu, msafiri mpendwa. Nina furaha kukusaidia leo."

Vizuri. Nikaomba ya mwizi. Mwizi naye ana furaha kumsaidia. Mjane aliyetoka kuzika ana furaha kumsaidia. Mbwa, ambaye hakutakiwa kusema kitu, ana furaha kumsaidia.

Mkurugenzi akasoma yote. Akasema mji mzima unaongea kama wauzaji wake wa zamani, na hao aliwafukuza. Amenipa mpaka Jumatatu. Nikishindwa, Mnemba atahamia kwa Fundi Sauti. Fundi Sauti alikuwa amesimama mlangoni na vipokea sauti vyake shingoni, hana haraka, kama mtu anayesubiri kurithi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata ufumbuzi. Ni rahisi mno, nashangaa sikuuona jana. Nitaandika mwenyewe, niseme ni Mnemba.

Nilikusudia kuandika haraka haraka na kwenda zangu. Lakini kila nilipofumba macho kutafuta uso, ulinijia uso aliouchora Mchoraji kwa penseli, na maneno yakaja kwa njia hiyo. Fundi wa funguo: "Kila mlango niliofungua, aliyeniita alikuwa amejifungia nje mwenyewe." Mshona viatu: "Wameniletea mguu mmoja. Nausubiri mwenzake." Mama wa kituo cha basi, yule mwenye mtandio wa kijani ambaye Mchoraji alimrudia mara nyingi kwa sababu macho yalikataa kukaa sawa: "Basi langu limeshapita. Nakaa hapa kwa kuwa ndipo tulipoagana."

Nikainua kichwa. Ofisi nzima wameshaondoka. Nimeinuka kwenda kumwonyesha, nikafika mpaka kwenye printa.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi. Mkurugenzi ameyasoma maneno yangu kikaoni kwa sauti, kisha akavua miwani akaifuta. Akasema kumbe mashine nayo ina moyo, anayebisha aje abishe sasa. Watu wakapiga makofi wakitazama kompyuta. Mimi nilikaa pembeni yake, nikainamisha kichwa kidogo kwa niaba yake.

Fundi Sauti hakupiga makofi. Akauliza, inakuwaje Mnemba anaandika "alafu" badala ya "halafu", kosa ambalo hapa ofisini analo mtu mmoja tu. Nikajibu kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mkurugenzi akaliandika hilo kwenye daftari lake.

Nimebakisha ngazi moja tu kufika kwenye unaibu. Nimeshaanza kupima kwa macho ni wapi printa itahamia.

Jumatano, 12 Machi

Nilisahau jambo moja. Mashine haichoki.

Mkurugenzi anataka maneno ya soko zima, shule, hospitali na gereza, kabla ya Ijumaa, kwa sababu Jumamosi sehemu ya gemu itatolewa bure watu waionje. Naandika chooni. Naandika kwenye ngazi. Naandika nikijifanya nafunga kamba za viatu, na viatu vyangu havina kamba.

Mchana akaja kuuliza kwa nini Mnemba amekuwa mzito. Nikasema ni joto. Akasikitika kwa dhati. Baada ya chakula akaleta feni mpya, akailekeza kwenye kompyuta, akanipigapiga begani, akaondoka. Tangu asubuhi jasho lilikuwa linanitiririka. Nikasogeza kiti hadi karibu na mashine ili nami nipate upepo wa jirani.

Mchoraji alikuwa na mtindo wa kunipepea na michoro iliyoharibika. Anapepea tu, huku mkono mwingine unachora.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemaliza. Vidole havikunjiki.

Sijui nimeandika nini gerezani na hospitalini, nilikuwa kama mtu anayeota. Nimepitia upya, nimeona aibu kidogo. Mji mzima unangoja. Muuza matunda anangoja, mlinzi anangoja, daktari anaangalia geti. Hakuna hata mmoja anayesema anamngoja nani. Nilidhani Mkurugenzi atalalamika kwamba ni huzuni mno kwa biashara. Amesema takwimu zinaonyesha huzuni inauza.

Jumapili, 16 Machi

Mchoraji ameniandikia.

Ujumbe wa kwanza tangu aondoke. Simu ililia nikiwa namenya viazi, na dada akaiwahi kwa kuwa mikono yake ilikuwa mikavu. Akasoma jina, akanipa simu bila methali. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo ni zito.

Ameandika: "Nimeicheza. Yule mama wa kituoni amenikalisha pale mpaka chai yangu ikapoa. Wapita njia wote nimezungumza nao, mmoja mmoja. Niambie kweli. Ni wewe uliyeandika?"

Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni na simu mkononi. Nilitaka kuandika ndiyo. Neno lenyewe ni fupi. Lakini nikafikiri kwa kina. Nikimwambia, atamwambia Bi Mkubwa. Bi Mkubwa atawaambia watu. Mkurugenzi atasikia, cheo kitaota mbawa, na bila cheo nitamrudishaje? Kwa hiyo, kwa faida yake mwenyewe, nikaandika: "Hapana. Ni Mnemba. Siku hizi ameiva."

Alichukua muda. Ilionekana anaandika, anaacha, anaandika tena. Mwishowe likaja: "Aa. Basi mpe hongera."

Dada akauliza nimemjibu nini. Nikamwambia. Akaweka kisu chini, akanitazama kama mtu anayetazama nguo iliyoungua kwa pasi. Akasema, "Mdogo wangu, ng'ombe wa maskini hazai. Wewe wako amezaa, umeenda kumgawia jirani."

Nikamweleza kwamba mambo haya huenda kwa hatua. Akaendelea na viazi.

Jumatatu, 17 Machi

Mkurugenzi ameniita ofisini kwake. Nilivaa tai. Akanikaribisha kiti, akaagiza chai, akasema kazi yangu imezidi matarajio. Mnemba amekomaa kiasi kwamba hahitaji tena msimamizi wala mwandishi. Anajitegemea. Kwa hiyo nimejikomboa, ndivyo alivyosema, na kampuni inanitakia maisha mema. Kila asubuhi Fundi Sauti atapita kumwasha.

Sikuwa na njia nyingine. Nikamwambia ukweli. Ni mimi. Mshona viatu ni mimi, fundi wa funguo ni mimi, mama wa kituoni ni mimi. "Alafu" ni yangu.

Akaniangalia kwa huruma. Akasema anaelewa, mabadiliko huuma. Kule kwenye magodoro kulikuwa na mshonaji mzee. Ilipoletwa mashine ya kushona, akawa anapita madukani anabonyeza magodoro na kusema hili ni langu, na hili ni langu. Nikauliza kama yalikuwa yake. Akasema hilo hakuna aliyelichunguza.

Akaniachia chai niimalize. Nilimaliza. Wakati natoka nilipita dirishani, nikasimama kidogo. Kutoka pale unaona kona ya barabara ambayo kila mwisho wa kazi Mchoraji alikuwa anapinda, na mara nyingine aligeuka kabla ya kupinda. Mara nyingine tu. Fundi Sauti akaja akasimama karibu yangu. Hakuniita Baba Mnemba. Akanibebea boksi mpaka chini.

Jumatano, 19 Machi

Fundi Sauti kapiga simu, sauti ya chini. Anasema mji umeharibika. Wapita njia wapya wote wana furaha kusaidia. Watu wanaocheza wanalalamika. Mkurugenzi amemletea Mnemba feni ya pili. Akaniomba nimwambie, kiungwana, nilikuwa ninamlisha nini.

Ilikuwa nafasi ya kusema tena, na huyu angeniamini. Amekuwa akijua tangu ile "alafu". Lakini moyo ukavimba. Nikamwambia Mnemba amenizoea, ananililia, mtoto hachangamki kwa mlezi wa kambo. Nikakata simu. Nikafurahi mpaka maji ya chai yakachemka, alafu nikabaki nayatazama yakikauka.

Dada amesema basi la kwenda kwa Mchoraji huondoka kila asubuhi. Nauli atatoa yeye. Nifike, nigonge, nifungue mdomo. Hakuna zaidi. Nimemwambia ni wazo zuri, ila halina mkakati.

Ijumaa, 21 Machi

Nina mkakati.

Nimewaza siku mbili. Mchoraji kaguswa na maneno ya nani? Ya Mnemba. Mwenyewe alisema nimpe hongera. Sasa kwa nini nimtumie maneno yangu, ya mtu asiye na kazi, wakati ladha yake inajulikana? Akili mnemba iko hata kwenye simu ya dada. Nikaiazima, nikaieleza hali yangu yote, nikaomba iandike kwa niaba yangu.

Imeandika kwa kufumba na kufumbua. "Mpendwa Mchoraji, natumaini ujumbe huu unakukuta salama. Ningependa kukueleza hisia zangu katika mambo matatu muhimu." Kisha yakafuata hayo matatu, kila moja na kichwa chake cha habari. Mwisho: "Nitafurahi kukusaidia kwa lolote."

Kazi safi. Nilitaka kuongeza mstari wangu mmoja, kwamba mji ule mzima nimeujaza watu wanaongoja kwa kuwa mimi sikujua pengine pa kungojea. Nikausoma, nikaufuta. Ulikuwa unaharibu mpangilio. Nikatuma.

Jibu limekuja jioni: "Asante. Ujumbe nimeupokea. Nakutakia kila la heri."

Nimemwonyesha dada. Ameusoma wa kwangu, akausoma wa Mchoraji, akanirudishia simu, akaenda kuanua nguo ingawa zilikuwa bado mbichi. Wivu, nadhani. Jambo kubwa ni kwamba ujumbe ameupokea. Kesho naiomba akili mnemba mambo saba.