Hoja Yangu na Ndama wa Bihogo

Jumatatu, 2 Septemba

Matokeo yamebandikwa. Nimeanguka. Mimi, Kataliko! Katika Mantiki nimekuwa wa kwanza darasa zima, na bado wananiambia nirudie mitihani mitatu: Historia, Hesabu na Ufugaji. Emérita Uwamariya, msichana wa wafugaji kutoka Burungu anayekaa benchi la mbele, Mantiki aliipita kwa kusukumwa. Kozi nyingine zote amezipita vizuri. Uonevu mtupu. Anayejua kufikiri anashindwaje na kozi ya ng'ombe?

Nyumbani Papa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu: "Ukianguka tena, masomo imeisha. Unapanda lori." Lori ni lake, linapeleka bidhaa za duka letu Walikale. Kazi yangu itakuwa kuweka mawe chini ya magurudumu kila linapokwama. Na linakwama! Watu wamewahi kula Krismasi matopeni kwenye ile njia.

Sipandi. Naapa. Na sisomi pia. Ukweli ni mmoja, kufikiri ni kumoja, basi ufunguo mmoja utafungua milango yote mitatu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatano, 4 Septemba

Historia, mtihani wa mdomo. Swali: kwa nini soko la hapa lilihama kutoka mlimani likaja barabarani? Nikacheka moyoni. Watu hufuata barabara. Soko ni watu. Kwa hiyo soko lilifuata barabara. Nikangoja sifa.

Mama Consolée, mwalimu wetu, akaniuliza: "Umejua namna gani? Nani alikuambia?" Nikamjibu kwamba sikuambiwa na mtu, nimefikiri mwenyewe. Akavua miwani. Soko, akasema, lilishuka kwanza, kwa sababu ya maji. Barabara ilikuja baadaye, ikifuata soko. Wazee waliouza maharage pale wako hai, wanakaa nyuma ya kanisa, na ningeweza kwenda kuwauliza.

Wazee wa maharage! Kumbe hapa chuoni kichwa hakitoshi, wanataka mashahidi. Sawa. Ningeambiwa mapema ningewaletea kijiji kizima.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimewaletea.

Swali la Hesabu tulipewa jana: onyesha kwamba ukijumlisha namba witiri mbili, jibu ni shufwa daima. Safari hii sikukosa mashahidi. Nilimwendea Mama Mbambu, muuza viazi. Nilimwendea katekista. Nilimwendea dereva wa Papa, mtu aliyehesabu magunia maisha yake yote. Wote wamekubali. Wote wamesema hawajawahi kuona vingine. Katekista hata alikuwa tayari kuapa.

Mwalimu wa Hesabu, Papa Faustin, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka akashika meza. Akasema hesabu haiendi kwa kura. Hata dunia yote ikiapa, bado nilitakiwa kuonyesha kwa nini haiwezekani iwe vingine, kwa akili yangu peke yangu, bila kuuliza mtu.

Bila kuuliza mtu! Juzi kosa langu lilikuwa kutouliza. Leo kosa langu ni kuuliza. Hawa walimu hawasalimiani?

Emérita alikuwa mlangoni, akasikia yote. Akanifuata, akasema kila kozi ina namna yake ya kuuliza "umejua namna gani", na kwamba mimi kila mara nafika na jibu la mtihani uliopita. Nikamwambia aende akasome Mantiki.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimekwenda kwa Asista Magloire, mwalimu wa Mantiki, mtu pekee mwenye akili katika jengo lile. Ananipenda. Ameniambia wazi: Historia na Hesabu zimeharibika, lakini walimu wanaweza kuninyanyua wakiona Ufugaji umekwenda vizuri sana. Jumatatu nitapewa ng'ombe wa chuo, Bihogo. Nimkamue, nijaze ndoo, nieleze nilivyofanya. Basi. Maisha yangu yako ndani ya ndoo.

Sisi ni watu wa Butembo, watu wa duka. Maziwa tunayajua yakiwa kwenye chupa. Lakini somo la Papa Faustin nimelishika: bila kuuliza mtu, kwa akili yangu peke yangu.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa nilisimama kwenye ua wa shamba la chuo nikaangalia wanavyokamua. Aibu! Kabla ya kukamua wanamleta ndama, wanamwacha anyonye. Maziwa ya mtihani, wanampa ndama! Nikafikiri. Ndama hunywa maziwa. Kilichonywewa hakimo ndani ya ndoo. Kwa hiyo ndama akiondolewa, ndoo itajaa zaidi. Hoja safi, haina tundu. Vizazi vyote vya wafugaji wa hapa Masisi, na hakuna aliyeliona hili.

Emérita alikuwa pale, maana waliopita Ufugaji wanatengeneza jibini kwa maziwa ya Bihogo. Akanisihi: "Kaka, acha mutoto ya ngombe inyonye kwanza. Njo maziwa itashuka." Nikamuuliza ithibati iko wapi. Akasema ithibati ni ng'ombe. Akaondoka akinung'unika kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatatu, 9 Septemba

Alfajiri nilimfunga ndama nyuma ya ghala. Walimu wakafika na viti. Nikaeleza hoja yangu kwa sauti, vizuri, hata Asista Magloire alitikisa kichwa kukubali. Nikakaa. Nikakamua.

Hakuna.

Nikakamua tena. Matone. Bihogo akageuza shingo, akatafuta ndama wake kwa macho, akalia. Nikamweleza, kwa heshima, kwamba maziwa anayo, sote tunajua anayo. Akanipiga mkia usoni. Mama Consolée akauliza maziwa iko wapi. Nikajibu kwamba kwa mujibu wa hoja yamo ndooni.

Emérita akamleta ndama. Ndama akanyonya kidogo tu, akavutwa pembeni, na yule ng'ombe mnafiki akafungua maziwa! Emérita akajaza ndoo yangu mbele ya walimu wangu. Niliumia. Niandike ukweli: niliumia sana.

Nilimkimbilia Asista Magloire. Nikamuuliza hoja yangu ilikosea wapi. Akaweka mkono begani kwangu. "Mpangilio iko sawa, kaka. Ulianza na kitu hukuchunguza. Ngombe bila mutoto yake inafunga maziwa."

Iko sawa! Amesema mwenyewe. Nimeanguka, lakini niko sawa.

Jumanne, 10 Septemba

Lori linaondoka kesho. Mama analia, Papa anafunga turubai. Sikuomba msamaha. Niombe kwa kosa gani?

Emérita amekuja na kipande cha jibini la Bihogo, la safari. Akasema nikifika kule niwe nauliza watu. Macho yake hayakuwa na dhihaka, jambo lililonichanganya. Lakini nimefikiri. Aliyeshindwa hapewi zawadi. Mimi nimepewa zawadi. Kwa hiyo sikushindwa.

Jumamosi, 14 Septemba

Njia ya Walikale. Tumekwama kwenye mteremko, pua ya lori ikitazama juu. Dereva alinionyesha mawe nyuma ya magurudumu, akasema nisiyaguse mpaka aniite, akaenda kutafuta watu wa kusukuma.

Nikabaki na lori. Nikafikiri. Jiwe huzuia gurudumu. Sisi tunataka gurudumu liende. Kwa hiyo jiwe liondolewe.

Nilimkumbuka ndama, siwezi kukataa. Nilimkumbuka vizuri kabisa. Lakini jiwe si ndama.

Lori sasa liko bondeni, limelala ubavu ndani ya migomba. Hakuna aliyeumia. Dereva amekaa chini. Naandika nikila jibini. Nimeipitia hoja yangu tangu mwanzo na sioni kosa: nilisema gurudumu litakwenda, na limekwenda.