Jinsi ya Kumshinda Tai

Jumatatu, 3 Machi
Mkufunzi wa masoko katangaza: kampuni ya magodoro inataka mwanafunzi mmoja wa biashara kwa mafunzo kazini. Mmoja tu! Usaili Alhamisi asubuhi, ofisini kwao mjini. Darasa zima likageuka kumtazama Tai. Tunamwita hivyo kwa sababu tai haimtoki shingoni, hata jua liwake vipi. Mimi hakuna aliyenitazama. Watajuta.

Jumanne, 4 Machi
Nimewaza kutwa. Nikamvuta Tai pembeni pale kantini, nikamnong'oneza kwamba usaili umehamishiwa ghalani, nje kabisa ya mji. Akanishukuru! Akaninunulia chai! Roho iliniuma kidogo. Chai ilikuwa nzuri.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima koti la shemeji. Yeye bado hajui. Dada kanitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Mdogo wangu, humo ndani upo?" Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nilifika ofisini peke yangu. Ushindi! Kisha katibu muhtasi akasema nisubiri, meneja yuko ghalani, wapakiaji wamegoma.

Ghalani!

Meneja aliingia mchana, vumbi tupu. Nyuma yake Tai, tai kaifunga kichwani kuzuia jasho, wanacheka kama watu waliokua pamoja. Kumbe kijana kafika, kakuta zogo, kawasikiliza wapakiaji, kawapatanisha na meneja, kisha kabeba magodoro pamoja nao. Kazi kapewa papo hapo, juu ya lori.

Tai akaninyooshea kidole. "Bosi, huyu ndiye aliyenielekeza kule. Bila yeye nisingefika!"

Meneja alinikazia macho. Akauliza kwa upole mbona mimi mwenyewe sikwenda. Nikajibu kwamba nilitaka mwenzangu atangulie. Akatikisa kichwa, akasema mwenye moyo wa namna hiyo lazima apewe nafasi. Nami nimechukuliwa!

Ghalani. Kubeba.

Jumatatu, 10 Machi
Godoro si zito, ila halina msimamo. Ni kama kumsindikiza mlevi nyumbani. Koti la shemeji limechanika kwapani. Bado hajui.

Mchana Tai akaja ghalani kutoka ofisini mjini, akaniita kando. Eti wanafungua duka jipya, wanatafuta msimamizi msaidizi. Eti anayetaka amwone meneja kesho asubuhi. Eti ataniombea.

Nikatabasamu. Ananichukulia mtoto! Nani anampa mwenzake habari ya kazi nzuri bure bure? Nikienda, meneja atanifukuza, na yeye atacheka. Nikamwambia asante, mimi nimeridhika hapa hapa.

Ila mtego mzuri namna hii haufai kupotea. Kuna mpakiaji mmoja hunikera, kila siku ananicheka ninavyobeba. Nimemnong'oneza habari yote, tena nimemsisitizia avae vizuri. Kesho alfajiri anakwenda, maskini wa Mungu.

Nitamfuata mjini, nijibanze dirishani pa ofisi nimwone akiaibika.