Mpanda Punda na Farasi wa Bi Helga

Jumatatu, 5 Mei 2014
Baridi ya Penrith, huku ughaibuni, inang'ata masikio. Nimezoa mavi ya farasi asubuhi nzima. Waswahili wenzangu wa mtaa wa Fairfield nimewaambia mimi ni mwalimu wa farasi. Si uongo sana. Utamfundisha vipi mnyama usiyejua mavi yake?

Bi Helga, mwenye zizi, katangaza jambo. Jumapili watu watakuja kutazama. Mimi na Libère tutampanda Otto, farasi wake mzee, na atakayempanda vizuri ataanza kufundishwa kupanda. Libère ni Mrundi, tunasukuma toroli pamoja. Kaniambia patron, yaani bosi, atamchukua yeye, ana miguu mirefu. Nikamwuliza kama ni mashindano ya ndege makorongo.

Naitaka nafasi hii. Tangu nitoke Lamu sijakaa juu ya mnyama. Hata Ghaliya, mke wangu, sijamwambia ninavyotamani kupanda tena.

Jumatano, 7 Mei
Bi Helga katusomesha. Elimu yake ya zamani, ya mabwana waliofunza farasi wa wafalme huko Ulaya. Farasi kwanza atulie, kisha aende mbele kwa hiari, kisha anyooke. Mwombe mara moja, subiri, akiitika mwachie. Mmoja huchukua miaka kuiva. Miaka!

Marehemu baba hakuhitaji yote hayo. Punda wetu Sitara akigoma kwenye kona ya uchochoro, baba alishuka, akasimama naye, akamsemesha polepole mpaka apinde mwenyewe. Hakumchapa hata siku moja. Mimi nikiona haya, watu wanatupita. Leo ningesimama pale na baba mpaka jioni.

Lakini hayo ni ya punda. Farasi anataka utaalamu.

Ijumaa, 9 Mei
Libère anajizoeza kukaa wima kama msumari. Mimi nina mpango. Nitapanda kwa mtindo wa Lamu: nyuma kabisa, jirani na mkia, visigino vikipiga ngoma. Otto atafyatuka, uwanja utazizima. Ghaliya anafanya kazi hospitali ya Westmead. Kasema nikivunjika nisipelekwe kwao, atajifanya hanijui.

Jumapili, 11 Mei
Fairfield wamekuja wote, na mahamri na chupa za chai. Nikapanda. Nikateleza nyuma ya tandiko, nikakaza hatamu, nikapiga visigino.

Otto hakwenda. Akakimbia pale pale aliposimama, miguu juu, miguu chini, kama yuko kwenye chakacha. Nikazidisha visigino, akazidisha ngoma. Watu makofi. Bi Helga akanisogelea, akasema kwa upole kwamba namwambia Otto nenda na simama kwa pamoja, naye maskini anatii yote mawili. Nilegeze mikono.

Nikalegeza. Otto akaenda. Mimi nikabaki.

Libère akaja kuniinua, akauliza kama Lamu nzima hushuka hivyo. Otto naye akarudi mwenyewe, akanipumulia shingoni. Pumzi ya moto, harufu ya nyasi. Nikawaambia watu mchanga umeniingia machoni.

Libère akazunguka uwanja taratibu, wima, bila kosa. Nafasi ni yake. Nimempigia makofi kuliko wote. Mtu mwema yule, tatizo miguu tu.

Jumanne, 13 Mei
Bi Helga kaniita. Kasema Otto harudi kwa kila aliyeanguka, kwa hiyo nami atanifundisha, nikikubali kuanzia chini kabisa. Otto azunguke kwenye kamba ndefu, kamba aishike yeye. Mimi juu, bila hatamu, bila vikuku vya kuwekea miguu, mpaka makalio yajifunze kusikiliza. Mabwana wa zamani wote walianza hivyo.

Leo nimezunguka. Nikafumba macho. Joto la mnyama chini yangu, na mimi ni mtoto tena, nimemshika baba kiuno, Sitara anatupeleka nyumbani.

Nilipofika nyumbani nikamfumbulia Ghaliya siri asiyoijua Libère. Bibi yule ananiogopa. Kaniona nilivyomchezesha Otto mbele ya umati, ndiyo maana kaninyima hatamu. Ghaliya kaniuliza kama nilianguka kwa kichwa.

Simlaumu bibi. Kipaji kama hiki lazima kifungwe kamba kwanza.