Injini ya Tonton kwa Ndege Isiyotaka Injini

Leo mtaa wetu wote wa Mangobo umenihurumia. Mimi! Mwenye diploma!

Nianze asubuhi. Mnajua, marafiki (nimewaambia mara nyingi na nitawaambia tena) kwamba mimi ni rubani wa planeur, ndege ya mabawa marefu isiyo na injini, inayopanda kwa hewa yenye joto kama mwewe. Nilisomea Ulaya, nikiosha vyombo vya watu ili nilipie masomo. Lakini tangu nirudi Kisangani, hakuna redio iliyonijali. Mchezaji mpira akiumwa goti, wanatangaza wiki nzima. Mimi nimeelea angani bila tone la mafuta, kimya!

Hatimaye redio moja ndogo ikanipa nafasi, katikati ya habari za mpira na matangazo ya vifo. Nikavaa suti. Nikaupigia ukoo mzima simu wafungue redio. Hata Tonton Albert nilimpigia, mdogo wa marehemu baba, mwenye mtumbwi mkubwa wa kupeleka abiria Yanonge, mbali huko mtoni.

Nilianza vizuri. Nilieleza jinsi nilivyojitengeneza. "Hakuna mtu aliyenisaidia," nikasema kwa sauti nzito. (Ikumbukeni sentensi hiyo. Mimi sitaisahau.)

Mtangazaji akatazama saa. "Bon, papa pilote, hiyo ndege iko na moteur ya aina gani?"

"Haina moteur."

"Pole sana. Iliharibika?"

"Hapana! Haikuwa nayo tangu mwanzo."

"Walikuuzisha ndege bila moteur?" Akatikisa kichwa. "Aa, Wazungu!"

Nikafungua mdomo nieleze habari ya hewa. Muda ulikuwa umekwisha. "Donc, wapendwa," akawaambia wasikilizaji, "mutoto wetu iko na ndege lakini anakosa moteur. Mwenye roho nzuri amusaidie." Papo hapo wakaweka wimbo wa maombolezo, wakaanza kusoma majina ya marehemu. Nikatoka studio wimbo ukinisindikiza.

Dereva wa pikipiki aliyenirudisha nyumbani alikataa nauli. "Weka tu, papa. Itasaidia kwa moteur."

Nyumbani uwanja ulikuwa umejaa. Kwaya ya kanisa ilikuwa imeshafika (na sare!). Jirani yangu Mama Véro alikuwa ameleta sufuria ya lituma, ndizi na maharagwe vilivyopondwa pamoja. "Kula kwanza, mutoto. Moteur itapatikana." Fundi wa mashine ya kusaga mihogo akajitolea ya kwake. "Inatoa moshi, lakini inavuta!"

"Jamani, ndege hii haihitaji moteur! Inapanda kwa hewa tu!"

Mama Véro akawanong'oneza wengine: "Mumuache. Ni uchungu ndiyo inasema."

Ndipo Tonton Albert akaingia. Begani, injini ya mtumbwi wake, imefungwa kwa kitenge cha Tantine, mke wake. Nyuma yake, abiria wake wote wa Yanonge, na mikeka yao, na magunia yao, na mbuzi mmoja.

Akaitua miguuni pangu, akihema. "Nimesikia kwa redio, hakuna mutu amekusaidia. Bon. Leo iko mutu."

Nikawatazama abiria wake. "Tonton, na safari ya mtumbwi?"

"Itangoja. Pirogue bila moteur inaelea. Ndege bila moteur, utakufa."

Watu wakapiga makofi. Kwaya ikaanza kuimba. Nami ikanibidi kuinua mkono, mbele ya sare zote hizo, na kusema: "Tonton, irudishe. Sina hata ndege. Ile niliyoirusha ni ya klabu, iko kule Ulaya."

Mbuzi akalia.

"Donc," fundi akauliza taratibu, "unakosa moteur, na ndege pia?"

Walicheka mpaka wanakwaya wakashikana mabega! Mama Véro akalalia sufuria yake. Ni Tonton peke yake ambaye hakucheka. Alinitazama kuanzia viatu hadi tai. "Basi, beba."

Nikaibeba hadi mtoni. Katikati ya Mangobo, ndani ya suti, mafuta yakinitiririka mgongoni, abiria wakinifuata kama msafara wa harusi. "Courage, pilote!" kila kona.

Tulipokwisha kuifunga kwenye mtumbwi, Tonton akaniambia nipande. Katikati ya mto akazima injini. Mtumbwi ukaendelea kuteleza, kimya kabisa.

"Hiyo ndege iko hivi?"

"Iko hivi, Tonton. Ila juu."

Akasikiliza maji kwa muda mrefu. "Iko muzuri," akasema. Kisha akaiwasha tena na kuwageukia abiria. "Munasikia? Sasa mutoto wangu atawaelezea. Mpaka Yanonge iko mbali."

Nikaeleza, marafiki! Hewa, mawingu, mabawa, yote. Hakuna aliyetazama saa, hakuna aliyenikatiza kwa vifo. (Pa kukimbilia pia hapakuwepo.) Mama mmoja wa samaki aliuliza mwewe hupumzika wapi akichoka, swali ambalo redio isingeliuliza kamwe. Mbuzi tu ndiye aliyelala.

Ninawaandikia kutoka Yanonge, na suti ambayo hakuna sabuni itakayoiponya. Tonton, asante. Redio ikiniita tena, nitaanza na jina lako.

Nyinyi wengine, kama kuna mtu amewahi kuwafungulia injini ya mtumbwi wake, chekeni. Kama hakuna, nawaomba mninyamazie.