Kamati ya Wapangaji na Presha Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Zahanati. Presha 180 kwa 110! Muuguzi ameuliza nafanya kazi gani. Nimesema nina nyumba ya vyumba sita hapa Bugarama, na kila chumba kina mpangaji. Amesema basi ndiyo maana. Nipunguze mawazo, nirudi baada ya wiki mbili.

Mke wangu Deodata ameongeza lake. Presha isiposhuka tarehe 17, nyumba itasimamiwa na kaka yake, Gervasi. Gervasi! Alipewa mbuzi wawili awachunge, wakarudi nyumbani bila yeye. Nyumba hii nimeijenga miaka kumi na moja, kwa kahawa yangu, tofali moja moja. Siitoi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Wapangaji wajitawale! Waunde kamati, wagombane wao kwa wao kuhusu luku ya umeme na ufagio, mimi nipumzike.

Nimeitisha kikao. Ajenda tatu na mengineyo. Nimempendekeza Maduhu wa chumba cha nne awe mwenyekiti, maana ni mpole na ananiogopa. Wamemchagua Mwalimu Irine kwa kura tano. Moja imeharibika. Nadhani ni ya Maduhu.

Alhamisi, 6 Machi

Kamati bila muhuri ni kijiwe tu. Nimekwenda Ngara mjini kuchongesha. Wa duara, wino wa bluu. Mwalimu Irine ameupokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Nimejisikia mkubwa sana. Deodata ameuliza kama nina akili timamu. Nimekwenda kulala, kwa ajili ya presha.

Jumamosi, 8 Machi

Barua! Yah: Mlango wa choo. Kumbukumbu namba, tarehe, sahihi, muhuri katikati. Nakala kwa mke wa mwenye nyumba. Imeandikwa vizuri mno. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa miaka ishirini na sita, na sijawahi kukataa karatasi yenye muhuri.

Mlango wameulalamikia kwa mdomo tangu mwaka juzi. Leo saa sita mchana mlango mpya ulikuwa umeshawekwa. Mkuki kwa nguruwe; leo nimechomwa na muhuri wangu mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Barua ya pili. Mwenye nyumba asiingie uani bila kupiga hodi, asichungulie madirishani kuhesabu taa, asifunue sufuria za watu. Siku yake ya kutembelea ni Jumamosi, saa nne hadi saa tano.

Saa moja tu kwa wiki! Kwenye nyumba yangu! Gervasi ameisoma kwa sauti, akacheka hadi akakohoa. Halafu akaenda kuupima ua kwa hatua. Anasema pangefaa gesti. Wapangaji wote wangetoka, bila shaka. Nimekula, nimelala mchana. Sina kazi.

Jumatano, 12 Machi

Nimeshindwa kuvumilia. Nimepanga matofali nyuma ya ukuta, nikapanda kuchungulia. Maduhu alikuwa anafagia. Maduhu! Ukutani kuna ratiba ya zamu za kununua luku, na hakuna aliyekuwa anamtukana mwenzake. Hakuna hata aliyenitaja. Nitasema ukweli hapa, maana hakuna asomaye: nimeumia.

Matofali yakateleza. Nimeangukia ndani, juu ya maharage ya Bi Nimpaye wa chumba cha pili, aliyoyaleta kutoka soko la Nyakisasa na kuyaanika. Ameninyanyua, akanipa pole, akanipa chai. Barua ilifika kabla sijamaliza kikombe. Adhabu: nichambue maharage yote niliyochanganya na mchanga.

Nimechambua hadi saa kumi na moja. Bi Nimpaye amenisimulia jinsi alivyohama vyumba vinne kwa miaka mitatu, na kwamba hapa kwangu ndipo analala usingizi. Nikaomba ungo mwingine. Nimekula kwake. Maharage matamu.

Jumatatu, 17 Machi

Zahanati. 130 kwa 85! Muuguzi amepima mara mbili, akabadilisha mkono. Deodata amefuta machozi kwa ncha ya kitenge. Gervasi ameacha chai yake nusu, ameondoka bila kuaga. Nyumba ni yangu!

Nimekaa nikatafakari nini kimeniponya. Jibu liko wazi: uongozi wangu. Kwa hiyo kesho naivunja kamati na kurudi kazini. Saa kumi na mbili asubuhi niko uani, naanza na sufuria za chumba cha kwanza.

Deodata amepiga kelele kuhusu presha. Nimemwelewesha taratibu. Kutoka 130 hadi 180 nina akiba ya hamsini. Ugomvi mmoja ukila pointi moja, nami nikigombana mara moja tu kwa wiki, itanifikisha Krismasi na chenji.