Maria Asijifungulie Zizini

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kata ya Nyabulende kwamba, kuanzia Krismasi ya mwaka huu, Bikira Maria hatajifungulia tena zizini. Atajifungulia zahanati, kama mama yeyote anayefuata maelekezo ya wataalamu. Atakayempeleka Maria mahali pengine atachukuliwa hatua kali.

Tangazo hilo lilizungushwa kwa spika ya bodaboda, kuanzia sokoni hadi kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Aliyelitunga, Bwana Athanas, Mtendaji wa Kata, alilisikiliza akiwa amefumba macho, kama watu wengine wanavyosikiliza kwaya.

Athanas hakuwa adui wa dini. Alikuwa Mkristo wa benchi la mbele, asiyekosa misa yoyote yenye wageni. Ila mwaka huu mgeni rasmi wa igizo la Krismasi pale kigangoni angekuwa Mheshimiwa mwenyewe kutoka wilayani, na Athanas alikuwa anainyemelea nafasi ya huko huko, kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Sasa Mheshimiwa aonyeshwe mama mjamzito akihangaishwa mitaani na kuishia kwa ng'ombe? Picha gani hiyo kwa kata inayopiga hatua?

Akamwita Febronia, mwalimu wa kwaya na mtunzi wa igizo.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba, mayu, mama wa kwaya. Kaa. Igizo lako nimelipitia. Lina changamoto."

"Changamoto tena? Si lile lile la kila mwaka?"

"Ndiyo changamoto yenyewe. Hakuna maboresho. Huyu mama ametokea wapi na wapi?"

"Nazareti mpaka Bethlehemu."

"Na tumbo lile? Kliniki alihudhuria mara ngapi?"

Febronia alimtazama usoni aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Haijaandikwa, Mtendaji."

"Unaona? Na hawa wachungaji wanaoingia wodini usiku na kondoo, kibali wamepewa na nani?"

"Sasa unataka Maria ajifungulie wapi?"

"Zahanati ya kata ipo."

Ilikuwepo, hilo hakuna wa kubisha. Ilikuwa na kuta nne, na kwenye ukuta mmoja kibao cha marumaru chenye jina la Mheshimiwa huyo huyo, aliyeizindua. Siku ya uzinduzi mvua ilianza kudondoka, naye akakata utepe kule barabarani na kuwahi gari. Bati halikuwepo. Mlango haukuwepo. Muuguzi ndiyo usiseme. Taarifa ya Athanas ilisema zahanati imekamilika kwa asilimia mia, na kwa upande wa taarifa ilikuwa imekamilika kweli. Humo ndani alilaza ng'ombe wake, ili mali ya umma isikae bila ulinzi.

Kina mama wa Nyabulende wakishikwa na uchungu walipakiwa bodaboda kwenda hospitali ya Kharumwa, dereva mbele, mzazi katikati, shangazi nyuma akimshikilia na kusali. Mwaka huo shangazi wa nyuma alikuwa Febronia. Aliyekuwa katikati, mtoto wa kaka yake, hakufika.

"Kwa hiyo ni agizo?" Febronia akauliza taratibu. "Maria aende zahanati ya kata?"

"Agizo. Tena bila kuchelewa."

"Wabeja sana, Mtendaji," akashukuru, akainuka.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, watu walijaa uwanja wa kigango. Maria alikuwa Elieth, ambaye hakuhitaji kufungiwa mto tumboni, maana mimba alikuwa nayo mwenyewe na siku zake zilikuwa zinakaribia. Yosefu alikuwa Paschal, mchimbaji, aliyevaa kanzu na tochi yake ya kichwani ya machimboni, ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Nyumba imejaa!" mwenye gesti akafoka. "Wanunuzi wa dhahabu wamechukua mpaka stoo. Kama huna gramu, pita hivi!"

Mheshimiwa alicheka, na Athanas, alipohakikisha kwamba kicheko kile ni cha kweli, akacheka pia. Jukwaani alikuwa ameona kitanda chenye shuka jeupe, akajua ndiyo zahanati. Lakini Febronia akashika kipaza sauti.

"Kwa agizo la Mtendaji wetu, Maria anakwenda zahanati ya kata. Wapendwa, tumsindikize."

Ngoma zikalia. Uwanja mzima ukainuka, na Mheshimiwa naye akainuka.

"Mheshimiwa, jua kali," Athanas akanong'ona.

"Acha woga, Mtendaji. Lazima tuwe karibu na wananchi."

Walipofika, Elieth akagonga pale ambapo mlango ungekuwa.

"Hodi! Mzazi huyu!"

Ndani akaitika ng'ombe.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kina mama ndio waliocheka zaidi, na wengine walikuwa wanafuta machozi ambayo hayakuwa ya kicheko.

Mheshimiwa akaingia. Akatazama juu, akaona mbingu. Akatazama ukutani, akaona jina lake limerukiwa na kinyesi.

"Mtendaji, hii ndiyo asilimia mia?"

"Ndiyo ile uliyoizindua, Mheshimiwa," Athanas akajibu kwa heshima zote.

Mheshimiwa akakohoa, akawageukia wananchi kwa sauti ya jukwaani. "Nimesikitishwa sana na mfugaji huyu aliyevamia mali ya umma! Ng'ombe hawa ni wa nani?"

Kila mtu alijua.

"Uchunguzi utafanyika, Mheshimiwa," Athanas akasema. "Tutaunda kamati."

Kusikia sauti ile, ambayo kila asubuhi humletea pumba, ng'ombe mwekundu akainua kichwa. Akampita Yosefu, akampita Mheshimiwa, akaja kulamba mkono wa suti ya Athanas. Athanas akasogea kando. Ng'ombe akasogea naye, na wenzake wote wakafuata.

"Nabii alishasema zamani," Febronia akatamka kwenye kipaza sauti. "Ng'ombe amjua bwana wake. Sisi ndio tusiojulikana na viongozi wetu."

Elieth akaingia ndani, akajishusha taratibu kwenye nyasi. "Mimi sitoki hapa mpaka nimwone muuguzi."

Paschal akainama. "Hiyo ipo kwenye igizo?"

"Hapana. Hiyo ni mimi."

Mama mmoja akaingia, akakaa kando yake. Halafu mwingine. Wakajaa. Mheshimiwa akatoa simu na kupiga wilayani, akaweka sauti kubwa ili wananchi wasikie anavyochapa kazi.

"Nataka mabati Nyabulende, na muuguzi. Leo!"

"Leo Krismasi, bosi," simu ikajibu. "Ofisi zimefungwa. Waambie wasubiri."

Mheshimiwa akawatazama kina mama, nao wakamtazama. Gari lilikuwa limebaki kigangoni, na watu walikuwa wameziba njia wakiwa wameinua simu zao kumpiga picha.

"Basi tusubiri wote, Mheshimiwa," Febronia akasema. "Karibu ukae."

Akatafuta pa kukaa. Chumba kizima kilikuwa kimejaa, isipokuwa pale ng'ombe mwekundu alipokuwa amelala kabla ya kumfuata Athanas. Akapandisha suruali kidogo magotini, akakaa.