Vikaratasi Ishirini vya Ziada

Jumatatu, 3 Novemba

Siku mbaya. Mwalimu wetu wa darasa, ambaye ndiye pia wa Kiswahili, katangaza kwamba mahafali ni Jumamosi ya wiki ijayo na kwamba tutatengeneza kitabu cha kuagana. Kila mwanafunzi atatabiriwa atakuwa nani miaka kumi ijayo. Kila mmoja wetu aandike vikaratasi vitatu kuhusu wenzake watatu, avitumbukize kwenye boksi la chaki. Utabiri utakaorudiwa mara nyingi zaidi ndio mkuu wa shule atakaousoma mbele ya wazazi.

Mbele ya wazazi! Mama ni fundi cherehani na keshawaambia wateja wake wote kuwa mwanawe anamaliza shule. Mbaya zaidi, mjomba anakuja. Mjomba ana kiwanda kidogo cha uchapaji. Kasema atanitazama siku hiyo, ndipo aamue kama atanichukua kazini. Atanitazama! Kama mbuzi mnadani.

Jirani, mwenzangu wa dawati moja tangu kidato cha kwanza, yumo kwenye kamati ya kitabu. Kaninong'oneza kwamba kachungulia boksini na utabiri unaoongoza juu yangu ni huu: "Atakuwa bado anatafuta daftari lake." Nikamuuliza ni mpuuzi gani kaandika. Akatazama dirishani.

Wakati huohuo Spika ana vikaratasi saba vya uwakili. Spika ndiye kiongozi wa mdahalo. Haongei, anahutubia. Hata akiomba ufutio anaanza na "mabibi na mabwana".

Lazima nifanye kitu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefanya kitu.

Baada ya shule nilikaa kwenye meza ya mama ya kukatia vitambaa, nikaandika vikaratasi ishirini na vitatu. Vitatu ni halali yangu. Ishirini ni juhudi. Kumi na tisa vinasema: nitakuwa mkurugezi. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, herufi kubwa, herufi zilizolala, kalamu ya kijani, penseli butu. Kimoja nimekiandika kwa chaki ya fundi. Kazi safi kabisa.

Vinne vilivyobaki nimemzawadia Spika: "Atakuwa kinyozi anayeongea mpaka mteja akimbie na nusu kichwa." Nimecheka peke yangu hadi mama akauliza ninasoma somo gani. Nikamwambia uraia. Akasema anafurahi kuona nimeanza kusoma.

Dada, ambaye ni muuguzi, alipita akatazama maandishi ya mkono wa kushoto. Akauliza kama nahisi ganzi.

Jumatano, 5 Novemba

Boksi limefunguliwa. Mwenyekiti wa kamati ni msichana tunayemwita Kamusi, na mbele ya Kamusi hukosei hesabu. Darasa lina watu thelathini na wanane. Vikaratasi vilipaswa kuwa mia moja na kumi na vinne. Vimefika mia moja thelathini na vinne.

Darasa likachemka. Wengi wakamtazama Spika. Yeye akasimama, akaanza na mabibi na mabwana, akapigiwa kelele akakaa.

Hapo nikaona nafasi. Nikasimama na mimi. Nikasema udanganyifu unaniuma sana, hasa wakati wa kuagana, na kwamba iundwe kamati ya uchunguzi. Mwalimu akanitazama kwa muda. Akasema wazo zuri, na kwa kuwa limeniuma sana, niwe katibu wake.

Katibu! Siku moja tu nimeshapanda cheo.

Alhamisi, 6 Novemba

Sitaki kuandika. Lakini naandika.

Asubuhi mwalimu kaingia mikono mitupu na kutangaza imla. Hatujafanya imla tangu tukiwa wadogo. Akasoma sentensi moja, taratibu: mkurugenzi wa kiwanda aliwashukuru wafanyakazi kwa uaminifu wao. Tuandike, tukusanye.

Nimepata alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata kwenye imla. Kosa moja tu. Nimeandika "mkurugezi".

Mwalimu akaweka karatasi yangu mezani, akapanga vikaratasi kumi na tisa pembeni yake kimoja kimoja, kama mtu anayeanika dagaa. Mkurugezi. Mkurugezi. Mkurugezi kwa kalamu ya kijani. Mkurugezi kwa chaki. Darasa zima hakuna mwingine aliyekula hiyo "n". Kisha akavisoma na vile vinne vya Spika, maana vina mkono uleule wa kushoto.

Watu walicheka hadi mwalimu wa kidato cha pili akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Spika hakucheka. Alikuwa ananitazama tu. Nikajua leo napigwa.

Kama katibu wa uchunguzi, nimelazimika kuandika ripoti na kuitia saini.

Adhabu: vikaratasi vyote vimefutwa. Kitabu nikiandike mimi, kwa mkono, chote. Na kabla ya kumwandikia mtu nikae naye, nimuulize mwenyewe anataka kuwa nani. Nikasema, Mwalimu, watu thelathini na saba! Akanijibu:

"Uongo umeuandika kwa mikono miwili. Ukweli utautosha mmoja."

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeuliza kumi na tisa. Nimechoka. Watu wana maneno!

Kuna msichana wa dawati la nyuma ambaye sikumbuki kumsikia akizungumza. Nilitenga dakika moja. Katumia nusu saa. Anataka kuendesha lori, refu, la magurudumu kumi na nane. Anajua gia zote. Kanichorea. Miaka minne nimekaa mbele yake nikidhani anaogopa watu, kumbe alikuwa tu hajaulizwa.

Nimemwandikia vizuri. Nimechora na lori. Limetoka kama kiatu.

Jumatano, 12 Novemba

Leo zamu ya Spika. Nilimchagulia mahali penye watu wengi, karibu na mlango wa ofisi ya walimu, ili akinipiga pawe na mashahidi.

Hakunipiga. Akaniuliza nani kaniambia. Nikasema kuniambia nini? Akasema ile habari ya kinyozi.

Ikatoka polepole, bila mabibi wala mabwana. Anawanyoa wadogo zake tangu ana miaka kumi na moja. Anawanyoa majirani. Ana mkasi wake kaufunga kwenye soksi. Baba yake ni karani wa mahakama na anataka wakili, kashampangia hadi chuo. Spika hajawahi kumwambia mtu. Siku vile vikaratasi viliposomwa alidhani siri imevuja.

Nikamwambia naweza kuandika uwakili, hakuna atakayejua. Akakitazama kichwa changu, upande huu na upande ule. Halafu akasema:

"Andika kinyozi. Ila toa hiyo nusu kichwa."

Nimeitoa. Ilikuwa inachekesha, lakini nimeitoa.

Ijumaa, 14 Novemba

Jirani nilimweka wa mwisho. Nilidhani najua jibu. Hana jibu. Jumatatu anahama na familia yake, mama yake kapata kazi mbali, na huko hajui hata wataishi nyumba gani. Akaniambia niandike chochote.

Kisha akakiri kwamba ule utabiri wa daftari aliuandika yeye. Nikakasirika. Nikamuuliza kwa nini, rafiki gani huyo. Akasema kwa miaka minne yeye ndiye anayelitafuta, na alikuwa anawaza huko mbele nani atalitafuta.

Nikajifanya nachonga penseli. Kwenye ukurasa wake nimeandika kwamba popote atakapokuwa, kutakuwa na mtu wa kumwambia kaa hapa. Sijui kama huo ni utabiri. Nimeuacha.

Ukurasa wangu mimi uko wazi. Hakuna wa kuniuliza. Na hapo ndipo nimepata wazo: nauacha wazi makusudi! Mkuu wa shule atafika pale, ataona weupe, ataona mama na gauni jipya mstari wa mbele, atalazimika kutunga. Na mkuu wa shule mbele ya wazazi hutunga mambo makubwa tu.

Jumamosi, 15 Novemba

Mahafali. Viti vilipungua, wazazi wa nyuma wakasimama. Mjomba alikaa karibu na mama, kakunja mikono.

Mkuu kasoma vizuri. Dereva wa lori akapigiwa makofi, na mama yake akasimama akageuka huku na huku watu wamwone. Alipofika kwa Spika nikafumba macho. "Kinyozi," mkuu akasema, "na duka lake litakuwa na viti vitatu." Baba yake Spika alikaa kama yuko kazini, mgongo wima. Halafu akapitisha kiganja kichwani mwake, polepole, akamwinamia mkewe. Baadaye nilimsikia mwenyewe akimuuliza Spika kama nywele za mvi nazo anaziweza. Spika kakosa maneno. Spika!

Kisha ukurasa wangu. Mkuu akageuza, akarudisha, akavua miwani. Nikasimama wima nisubiri ukuu wangu. Badala ya kutunga, akaliuliza darasa: na huyu je?

Watu thelathini na saba kwa sauti moja: "Mkurugezi!"

Wazazi wakapiga makofi. Mama alilia kwa furaha. Mjomba akamuuliza Kamusi hiyo ni kazi gani, na Kamusi, anayeweza kueleza kila neno, akasema hii ataijua mwenyewe akishaishi naye.

Jirani alinikumbatia, akaondoka bila kugeuka. Nimesimama getini hadi kina mama wa usafi wakaanza kukusanya viti.

Mjomba alikipekua kitabu chote akiwa amesimama. Akaniuliza kama kweli nimekiandika chote kwa mkono wangu. Akasema nianze Jumatatu, kufagia vipande vya karatasi, na kwamba wasafishaji wengine wawili watanielekeza.

Jumapili, 16 Novemba

Nimelala vizuri. Nimefikiri.

Kufagia si kubaya, ila dada kasema kiwandani kwa mjomba kuna dirisha la kupokea wateja, na anayekaa pale ana kiti cha kuzunguka. Mahali pangu ni pale. Tatizo ni kwamba mjomba hajanifahamu vya kutosha.

Kwa hiyo mchana huu nimemwandikia barua tatu kutoka kwa wateja wenye shukrani. Wote wamefurahishwa mno na kijana mpya: adabu yake, wepesi wake, tabasamu. Mmoja ni mjane, mmoja mwanajeshi mstaafu. Wa tatu ndiye kaeleza kwa undani zaidi jinsi nilivyomhudumia. Nimempa tarehe ya Jumanne ijayo.

Dada anapita kule kesho asubuhi. Nimempa bahasha azifikishe, zisichelewe.